Daftari la Pua

Jumatatu, 3 Novemba
Daktari wa masikio, pua na koo amenipa daftari hili na kuniambia niandike kila siku kile nilichosikia kwa pua yangu. Nikamwuliza, na siku nisiyosikia kitu? Akasema, "Andika hivyo hivyo. Andika: hakuna."

Mimi ni mpishi mkuu wa jiko la hospitali. Mwaka wa ishirini na sita huu. Watu huniita Mzee Chumvi, si kwa sababu ya mvi, bali kwa sababu namimina mchuzi kidogo kiganjani, naulamba, na hapo hapo nakwambia chumvi imepungua kiasi gani. Mwezi uliopita nilishikwa na mafua siku tisa. Yalipoondoka, yaliondoka na pua yangu. Haijaziba, hewa inapita vizuri, ila haileti habari yoyote. Ulimi nao umeamua kumfuata mwenzake. Pilipili naijua kwa kuwa inaunguza, na ndizi mbichi naijua kwa ule ukakasi wake. Tamu, chumvi, chachu, chungu: sina hata kimoja.

Daktari anasema vinaweza kurudi baada ya wiki au miezi, na vinaweza visirudi. Akaniuliza nani anajua. Nikasema hakuna.
"Hata mkeo?"
"Hasa mke wangu."
Miaka thelathini na moja mke wangu ananiambia kwamba mimi sisikii. Sioni sababu ya kumpelekea ushahidi wa daktari.

Leo: hakuna.

4 Novemba
Hakuna.

5 Novemba
Nimekata vitunguu vya wodi tatu. Machozi yametoka, harufu haikutoka.

Ijumaa, 7 Novemba
Msaidizi wangu jikoni ni mwanamke mtu mzima, mjane, tunamwita Mizani kwa sababu anapima kila kitu. Chumvi anapima, maji anapima, nadhani hata maneno anayapima. Miaka minane nimemcheka. Nimemwambia kwamba mpishi anayetumia mizani ni sawa na mtu anayemuuliza jirani, "Nimeshiba?" Leo nimesubiri atoke kwenda stoo, nikachungulia karatasi yake aliyoibandika ukutani, nikapima chumvi ya maharage kwa kijiko chake. Nilikuwa naangalia mlango kama mwizi.

Maharage yamesifiwa. Mizani ameniuliza, "Mzee, leo umetia mkono gani?" Nikamwambia mkono ni uleule.

Hakuna.

Jumapili, 9 Novemba
Niandike na hili, maana limenishangaza mwenyewe.

Nyumbani kwangu, chakula kikiwekwa mezani, mke wangu hasogezi sahani yake mpaka mimi nionje kwanza. Sikumwomba afanye hivyo. Ni mazoea yaliyojijenga yenyewe. Naonja, nasema: chumvi imechelewa. Au: kitunguu hukukipa muda. Au: leo umejitahidi. "Leo umejitahidi" ndiyo sifa ya juu kabisa katika nyumba hii.

Leo ameweka wali na mchuzi wa kuku, akakaa, akanitazama. Nimeonja. Ningeweza kuwa natafuna pamba. Nikaogopa kwamba nikikosoa nitakosoa kisichokuwepo, na yeye si mjinga, atanishtukia. Nikasema, "Tamu. Tamu sana."

Mke wangu akaweka kijiko chini. Akasema, "Rudia."
"Tamu sana, mama."
Alipokuwa akiosha vyombo nilimsikia anaimba kwa sauti ya chini. Kwa masikio bado nasikia.

10, 11, 12 Novemba
Hakuna, hakuna, hakuna. Mvua zimeanza. Watu wanasema udongo ukilowa unanukia. Nimesimama dirishani nikivuta pumzi mpaka kifua kikauma.

Alhamisi, 13 Novemba
Afisa lishe ametuita. Krismasi hii wodi ya mifupa itakuwa na watu ambao hawawezi kwenda kwao, kwa kuwa huwezi kumfungua mtu miguu iliyotundikwa kwa kamba na mawe eti akapande basi. Amesema nizunguke vitandani, nimwulize kila mtu kwao Krismasi wanakula nini, kisha tupike kwa kadiri ya uwezo wa stoo. "Wewe ndiye mwenye ulimi wa kazi hii," akaniambia.
Nikaitikia.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimezunguka na daftari. Si hili, lingine.

Kitanda cha kwanza, dereva wa lori, mtu wa ziwani, paja limevunjika mara mbili. Kwao Krismasi ni samaki mzima, na kichwa cha samaki hupewa mtu aliyetoka mbali kuliko wote. "Si tajiri wala si mkubwa wa ukoo," akasema. "Aliyetoka mbali. Miaka kumi na nne kichwa ni changu, mimi dereva. Mwaka huu sijui watampa nani." Akageukia ukutani akajifanya anajikuna.

Kitanda cha tatu, mwalimu wa hesabu kutoka milimani. Kwao wanaponda viazi na njegere pamoja mpaka mwiko usimame wima wenyewe. Mwiko ukianguka, mpishi anazomewa.

Kitanda cha nne, fundi umeme, mtu wa nyanda kavu. Wali uliopikwa kwa maziwa na samli. Hapo wodi ikawaka. Mwalimu akasema wali ni chakula cha kila siku, unakuwaje wa Krismasi? Fundi akasema kwao hakuna mto wala bonde, mchele unaonekana mara moja kwa mwaka, na Krismasi bila wali ni siku ya kazi tu iliyokosa kazi. Dereva akadakia kwamba viazi vya kupondwa ni chakula cha watu wasio na meno. Muuguzi akaja kuwauliza kama wamesahau kwamba ni wagonjwa.

Kitanda cha sita, nyuma ya pazia kwa kuwa upande ule ni wa wanawake, bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Nikamwuliza, "Bibi, kwenu mnakula nini?"
Akasema, "Mimi usinihangaikie, mwanangu. Kwetu hatuli kitu mpaka tuanze na chungu. Nyie huku hamwezi."
Nikajua ni wa wapi kabla hajaniambia. Ni kwao mke wangu.

Sikuandika chochote kwenye ukurasa wa kitanda cha sita.

Jumamosi, 15 Novemba
Hakuna.

Naona nikiandike hicho cha kitanda cha sita hapa, maana hakuna atakayesoma isipokuwa daktari, na daktari ameapa kutunza siri.

Upande wa kwao mke wangu Krismasi haianzi na tamu. Asubuhi, kabla ya chai, kabla ya mkate, wanapika majani fulani machungu ya porini katika maziwa ya mgando, kwenye chungu cha udongo. Kila mtu anachota kidogo kwa mkono, mkubwa na mtoto. Wanasema ukianza na chungu, kila kitakachofuata siku hiyo kitakuwa kitamu. Krismasi yetu ya kwanza, mke wangu alikuja na chungu chake kutoka kwao, amekipakata safari nzima. Akapika. Kaka zangu walikuwepo, wote watatu. Nikachota, nikatia mdomoni, nikakimbilia sinki nikatema, nikasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Chungu!"

Kaka zangu walicheka mpaka wakashikana mabega. Miaka mingi baadaye walikuwa bado wakifika mlangoni wanasema, "Shemeji, leo chungu kiko wapi?" Na yeye anacheka nao. Alipika tena mwaka wa pili, akapika wa tatu, na mimi nikawa napitisha tu sahani. Mwaka wa nne hakupika. Tangu hapo chungu kile kinakaa juu ya kabati kikiwa kimejaa vibanio vya nguo. Nimekiona kila siku kwa miaka ishirini na minane, nikakiona ni chombo cha vibanio.

Sasa nimekosa ladha zote, na ninayoitamani usiku na mchana si kuku, si samli, wala si mchuzi wangu mwenyewe. Natamani yale majani niliyoyatema. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu ndiyo ladha pekee niliyoifukuza mwenyewe.

18 Novemba
Hakuna. Mke wangu amepika ndizi na nyama. Nimesema, "Hapa hata mimi sikufikii." Amevaa hereni leo, na hatukuwa tunakwenda popote.

Ijumaa, 21 Novemba
Jikoni tumeanza majaribio ya vyakula vya Krismasi, kidogo kidogo, sufuria ndogo. Nimebuni njia. Napika kwa vipimo vya Mizani, kisha naweka kwenye kitoroli, nampelekea mgonjwa mwenyewe kitandani. "Onja, uniambie kama ni kama kwenu."

Fundi umeme ameonja wali wa maziwa, akafumba macho. "Karibu," akasema. "Samli bado. Mama yangu angeongeza mpaka mtu aone aibu." Nikaongeza. Akaonja tena. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akasema, "Mpishi mkubwa wa hospitali anakuja kuniuliza mimi. Hujivuni hata kidogo."

Mimi sijivuni! Miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyewahi kunishtaki kwa kosa hilo. Nimesukuma kitoroli haraka.

24 Novemba
Mwiko umesimama wima. Wodi imepiga makofi. Hakuna harufu, lakini nimefurahi.

Jumapili, 30 Novemba
Mvua wiki nzima. Nguo hazikauki, zimeanikwa sebuleni hadi juu ya viti. Tumekula maharage na mchicha tukiwa chini ya mashati yangu.

Nimegundua kitu. Zamani nilipokuwa naonja nilikuwa naangalia juu, kwenye dari, nasikiliza chakula. Sasa sina cha kusikiliza, basi namwangalia mpishi. Ana kovu dogo la mafuta juu ya kifundo cha mkono wa kulia. Nimemwuliza amelipata lini. Akasema, "Mwaka wa mtoto wetu wa pili." Mtoto wetu wa pili ana miaka ishirini na mitano.

Nikamwambia, "Mkono wako una baraka." Hilo halikuwa kuhusu mchicha. Lakini lilitoka wakati nina mchicha mdomoni, na yeye amelipokea kama sifa ya mchicha.

Jumanne, 2 Desemba
Nimerudi kutoka kazini nikakuta vibanio vya nguo viko kwenye ndoo.

Nimesimama pale mlangoni na mwavuli unadondosha maji. Chungu kilikuwa juu ya meza, kimesuguliwa, kimefunikwa kwa kitambaa kipya. Mke wangu akatoka chumbani, akasema bila kunitazama, anakunja shuka, "Nimempigia dada. Atanitumia majani kwa basi, Krismasi ikikaribia. Nilidhani sitapika tena kitu hicho katika nyumba hii. Lakini mtu akibadilika, na mwenzake naye abadilike."

Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Nimesema, "Vizuri, mama." Kisha nimekaa bafuni muda mrefu na bomba wazi.

Hakuna.

3, 4, 5, 6 Desemba
Hakuna. Kila nikipita pale mezani chungu kiko palepale.

Jumanne, 9 Desemba
Naandika haya jioni.

Leo asubuhi niliingia jikoni wa kwanza, kama kawaida. Nikafunga aproni, nikatoa sufuria ya uji, nikachukua kiberiti. Nilikuwa nimeshatoa njiti. Mizani akaingia, akasimama mlangoni nusu sekunde, akaniparamia. Mwanamke huyo hajawahi kunigusa hata bega. Alinipiga mkono, kiberiti kikaruka chini ya meza, akanivuta nje kwa kola hadi uani kwenye mvua. Kisha akarudi mwenyewe, pua ameifunga kwa khanga, akafunga mtungi wa gesi, akafungua madirisha yote. Mpira ulikuwa umechanika kwenye shingo ya mtungi. Wanasema gesi ilijaa mle ndani kiasi kwamba hata mlinzi wa getini aliisikia.

Tukakaa kwenye kreti tupu chini ya baraza. Akaniambia, "Mzee. Harufu ile hata kuku angekimbia."
Nikakamua maji kwenye aproni.
"Tangu lini?"
"Oktoba."
Akalipima neno hilo. Kisha akasema, "Ndiyo maana kijiko changu kila siku nakikuta upande si wangu." Halafu akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia, wazee wawili kwenye kreti za nyanya.

Alipomaliza kufuta uso akasema, "Hapa jikoni nitakuwa pua yako, wala hilo lisikutie hofu. Kuanzia leo wewe huwashi moto kabla sijafika, na afisa lishe tunamwambia kesho, wote wawili, tukiwa tumesimama pamoja. Lakini nyumbani pia kuna gesi, Mzee. Mwambie mama. Usipomwambia wewe kabla ya Jumapili kuisha, nitamwambia mimi."

Jumatano, 10 Desemba
Afisa lishe amesikiliza. Amesema nitaendelea mpaka Januari, Mizani ndiye atakayewasha na kuonja, kisha tutazungumza. Sijui "tutazungumza" ina nini ndani yake. Hakuna.

Jumapili, 14 Desemba
Nimemwambia.

Nilisubiri tumalize kula. Mvua ilikuwa imekatika. Nikasema, "Mama, kuna jambo." Akatabasamu, maana siku hizi nikisema kuna jambo huwa nakuja na sifa. Nikamwambia mafua, daktari, daftari, gesi. Aliposikia gesi alishika meza. Akasema pole, akasema mbona umebeba peke yako, akaja upande wangu akanipapasa kichwa kama mtoto mwenye homa. Nikadhani tumevuka.

Kisha mkono wake ukasimama.
"Tangu Oktoba," akasema.
"Ndiyo."
"Kwa hiyo ule wali na kuku. Tarehe tisa mwezi uliopita."
Sikujua kama anakumbuka tarehe.
"Na ndizi na nyama. Ulisema hata wewe hunifikii."
"Mama..."
"Na supu ya kwato. Na yale maandazi niliyompelekea jirani kwa ajili yako, nikamwambia mume wangu anasema hajawahi kula maandazi kama haya." Alikuwa anahesabu kwa vidole. Hakuacha hata moja. Aliyahifadhi yote, na mimi nilikuwa nimeshayasahau. "Na mchicha. Ulisema mkono wangu una baraka. Hilo nalo ulikuwa husikii?"

Nikajibu haraka, nikajibu vibaya. Nikasema, "Sikuwa nasikia kitu chochote, mama, ndivyo ninavyokwambia."

Akarudi upande wake. Akasema taratibu, "Miaka thelathini na moja nimesubiri unisifie. Kumbe umenisifia baada ya ulimi wako kufa." Akainuka, akachukua ndoo, akamimina vibanio vya nguo ndani ya chungu. Vililia kokoto kokoto mpaka kikajaa. Akakirudisha juu ya kabati.

15 Desemba
Hakuna. Nyumbani pia hakuna.

17 Desemba
Amenipakulia. Kisha akachukua chumvi, akanyunyiza kwenye sahani yake peke yake. Nikamtazama. Akasema, "Ya nini kuipoteza?"

Mizani nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa, akaniomba radhi, akacheka tena.

Ijumaa, 19 Desemba
Nimekwenda kitanda cha sita. Nimemwambia bibi, nisamehe, vyakula vya wenzako vyote tumevijaribu, chako sikukiandika. Akasema, "Nilikwambia usihangaike." Nikamwambia mke wangu ni wa kwao, nikamwuliza kinapikwaje. Akanishangaa: "Si umesema mkeo ni wa kwetu? Miaka yote hiyo hujamwuliza?"

Nyumbani nimemweleza mke wangu habari za bibi huyo, kwamba yuko nyuma ya pazia, nyonga imevunjika, na hatakula kitu Krismasi mpaka aanze na chungu. Aliacha kupiga pasi mpaka nilipomaliza kusema.

21 Desemba
Hakuna. Mvua kubwa. Nimevuta harufu ya foronya yake alipokuwa kanisani. Hata hiyo hakuna.

Jumatano, 24 Desemba
Dada yake amepiga simu: furushi la majani limeshaingia stendi. Mke wangu akamwambia, "Likae huko huko stendi, dada. Wawape mbuzi." Akakata simu akaingia kulala mchana, jambo asilolifanya.

Nimevaa buti nikaenda mwenyewe. Maji yalikuwa yamefika vifundoni. Karani wa mizigo akaniuliza, "Furushi la nini?" Nikasema mboga ya mke wangu. Akalinusa akakunja uso: "Hii mboga inaliwa na watu?" Maneno yangu yale yale ya zamani, yametoka kinywani mwa mtu mwingine. Nikamwambia, "Inaliwa na watu wenye adabu."

Nimeyachambua majani mezani kwetu, moja moja, nikatoa yenye matundu na vijiti vigumu. Vidole vimekuwa vya kijani. Nikatoa vibanio kwenye chungu, nikakiosha, nikakiweka karibu na majani. Zaidi ya hapo sikujua la kufanya. Mpishi mkuu, miaka ishirini na sita, sijui kama maji yanatangulia au maziwa.

Nimeacha karatasi chini ya kifuniko: "Kuhusu chakula nilisema uongo. Kuhusu mkono sikusema uongo. Ulimi ulipokufa ndipo macho yalipofunguka. Ningekuwa mwungwana ningekwambia bila kuugua."

Hakuna.

Alhamisi, 25 Desemba
Nimetoka nyumbani kabla hajaamka.

Jikoni Mizani aliwasha, mimi nikapika, yeye akaonja. "Ongeza," anasema, naongeza. "Acha," naacha. Saa nne tulipanga vitoroli. Dereva wa lori alipoona samaki mzima akauliza kichwa ni cha nani. Wodi nzima ikakubaliana: chake, maana hakuna aliyetoka mbali kama yeye. Mwalimu alisimamisha mwiko. Fundi alikula wali wake polepole, akawatumia wenzake kijiko kimoja kimoja, akiwemo mwalimu, ambaye alisema si mbaya kwa chakula cha kila siku.

Bibi wa kitanda cha sita sahani yake ilikuwa imefunikwa. "Nitakula baadaye," akasema.

Ndipo mke wangu akaingia. Amevaa gauni lake la kanisani, amepakata chungu kilichofungwa kitambaa, kama alivyokipakata ile safari ya kwanza. Alinipita. Akaenda moja kwa moja nyuma ya pazia. Nikasikia lugha yao, nikasikia kifuniko, kisha bibi akalia kwa sauti ya mtoto. Mke wangu akatoka na chungu akapita vitandani, akampa kila mtu kidogo kiganjani. Dereva alikunja uso. Fundi alisema Mungu wangu. Mwalimu alisema apewe tena. Mizani alipewa, wauguzi walipewa. Mimi nilisimama karibu na mlango na mwiko mkononi. Hakufika kwangu, na sikumlaumu.

Baadaye vyombo vilirudi jikoni. Mizani alikwenda kula na wanawe. Chungu nacho kilikuwa kwenye sinki kati ya sufuria. Chini palikuwa na ukoko, majani kidogo yaliyoganda na maziwa. Nilikuwa nimeshaleta maji ya moto. Nikakwangua kwa kidole nikalamba, kwa mazoea tu, kama ninavyolamba kila kitu. Hakuna. Nikafungua bomba.

Nikalifunga. Kulikuwa na kitu nyuma kabisa ya ulimi, karibu na koo. Hafifu. Nikadhani nakiwaza. Nikakwangua tena, mwingi zaidi, nikasubiri na macho nimeyafumba. Kikaja taratibu, kikakaa, kikanibana mashavu.

"Chungu," nikasema.

"Umesemaje?" Mke wangu alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua chombo chake.

Nilikuwa nimesimama mbele ya sinki, palepale pa kutemea, na neno langu lilelile. Nikaona uso wake unafunga. Nikatikisa kichwa, nikakwangua tena nikatia mdomoni, nikatafuna mbele yake, nikameza. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye ndevu. "Chungu, mama. Kichungu kweli kweli. Nakisikia."

Alisimama. Kisha akaja, akanishika taya kwa mikono yote miwili, akaniangalia mdomoni kana kwamba angeweza kukiona. "Kweli? Husemi tu?"
"Kama ningekuwa nasema tu, ningesema kitamu."

Akacheka. Si kile kicheko alichokuwa akicheka na kaka zangu. Hiki sikuwahi kukisikia, na nilimwambia hivyo. Akakwangua naye, tukala ukoko kwa vidole tukiwa tumesimama, mpaka chungu kikawa safi chini.

"Na chumvi?" akaniuliza.
"Chumvi bado. Sijui."
"Imepungua," akasema. "Nilikuwa na haraka ya kuja."

Nimembebea chungu mpaka nyumbani, nimekipakata mimi. Mvua imesimama, nguo ziko nje kwenye kamba.

Leo: chungu. Vibanio vitatafutiwa chombo kingine.